Forodhani: Habari za Uwanja Mmoja wa Mji wa Unguja



Watu wa mashamba hupenda kuuliza: Mji una nini hata ukawavuta watu namna ile? Wengine hujibu kwamba ni mshahara; wengine husema ni maduka na taa. Majibu hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Mshahara hupatikana hata katika mashamba makubwa ya mkonge, wala hapo hapaitwi mji. Taa nazo ni nyingi bandarini na viwandani, wala mtu haendi huko jioni na watoto wake ili apunge hewa. Kitu kiufanyacho mji kuwa mji ni mahali pa wazi, katikati ya nyumba, ambapo watu wasiojuana hukutana, wakaketi, wakala na kunywa, wakapeana habari, kisha kila mtu akarudi kwake salama. Pasipokuwa na mahali pa namna hiyo, nyumba zaweza kuwa elfu kumi, lakini ni nyumba tu.

Leo twataka kuwasimulia habari za mahali pamoja pa namna hiyo, napo ni Forodhani, katika Mji Mkongwe wa Unguja. Tumepachagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, panajulikana na watu wa nchi nyingi, na chakula chake kina sifa. Ya pili, na ndiyo kubwa, ni kwamba mahali pale pamepata kuona mabaya na mema. Na mtu akiijua historia yake atafahamu kwamba uwanja wa watu wote si kitu kinachoota chenyewe kama nyasi. Hupatikana kwa shida, na hupotea upesi.

Kwanza tulitazame jina. Forodha ni nyumba ya ushuru, mahali ambapo bidhaa za majahazi hushushwa, huhesabiwa na kutozwa kodi. Forodhani, basi, ni penye forodha. Jina hili latukumbusha kwamba pale watu wanapokula mishikaki leo, zamani hapakuwa mahali pa kula, bali mahali pa kuhesabu.

Mji wenyewe ulijengwa juu ya rasi ndogo iliyokaribia kuwa kisiwa. Upande wa magharibi ni bahari kuu, na upande wa mashariki palikuwa na hori iliyojaa maji kila bahari ilipojaa. Juu ya hori hiyo likajengwa daraja, na mahali pale pakaitwa Darajani hata leo, ijapokuwa hori imekwisha kufukiwa na daraja halionekani. Upande wa pili wa maji ukaitwa Ng'ambo. Wanafunzi na wayashike majina haya matatu, Forodhani, Darajani na Ng'ambo, maana yanaeleza umbo la mji mzima: mlango wa bahari, njia ya kuvukia, na upande wa pili.

Mbele ya Forodhani pana ngome ya kale, ambayo watu huiita Ngome Kongwe. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno katika pwani yetu, ambao ngome yao kubwa ya Mombasa ilianguka mwaka 1698. Mahali walipoijenga palikuwa na kanisa la Wareno. Lakini mji wa mawe tunaoujua ulianza kukua hasa pale Sayyid Said bin Sultan alipohamisha makao yake kutoka Maskat kuja Unguja, kati ya mwaka 1832 na 1840. Huyo ndiye aliyeifanya Unguja kuwa soko la Afrika ya Mashariki. Karafuu zilipandwa katika mashamba ya kisiwa. Pembe za ndovu zilitoka bara mpaka nchi za maziwa. Sandarusi ilichimbwa mrima. Na kutoka Marekani zilikuja marobota ya kitambaa cha pamba, ambacho mpaka leo kinaitwa merikani. Vitu hivyo vyote vilipita forodhani.

Sultani hakutoza ushuru kwa mkono wake. Aliikodisha forodha kwa wafanyi biashara wa Kihindi, wakamlipa kima cha fedha kila mwaka, nao wakajitoza wenyewe kwa wenye bidhaa. Kwa miaka mingi nyumba iliyoikodi ilikuwa ile ya Jairam Sewji, na katika mji walikuwa wachache waliokuwa na nguvu kama mwenye forodha. Mwenye jahazi hakuweza kushusha hata furushi moja pasipo makarani wake kuandika.

Na katika hesabu ile waliandikwa watu pia. Hatuwezi kusimulia habari za uwanja huu tukaliruka neno hili. Watumwa walioletwa kutoka bara kwa njia ya Kilwa na bandari nyingine walishushwa pwani, wakahesabiwa kwa vichwa, wakalipiwa ushuru kama pembe na karafuu, kisha wakaenda kuuzwa. Soko la mwisho la watumwa lilikuwa Mkunazini, nyuma kidogo ya mji. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash bin Said alitia sahihi mkataba na Waingereza, soko likafungwa, na kuchukua watumwa baharini kukakatazwa. Katika mwaka ule ule jiwe la kwanza la kanisa kuu la Kiingereza likawekwa mahali palipokuwa soko. Hata hivyo utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya Unguja mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo, babu wa watu wengi wanaotembea Forodhani jioni waliingia mjini kwa mlango ule ule, lakini wao hawakuingia kutembea.

Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hata 1888, alikuwa mtu wa kupenda majengo. Kabla ya siku zake watu wa mji walikunywa maji ya visima vilivyo karibu na vyoo na makaburi, na kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu. Barghash akavuta maji safi ya chemchemi za mashamba hata ndani ya mji. Angalieni jambo hili: hata zamani zile, afya ya mji ilitoka shamba. Katika mwaka 1883 akamaliza kujenga jumba kubwa linaloelekea Forodhani, lenye nguzo ndefu na kumbi pande zote. Jumba hilo lilipowekwa taa za umeme watu walishangaa mno, wakaliita Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu.

Mbele ya jumba hilo palisimama mnara wa taa wa kuongozea vyombo. Mnara ule haukudumu. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokalia kiti cha usultani pasipo ridhaa ya Waingereza, manowari zao ziliupiga mji mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Watu karibu 500 waliuawa au kujeruhiwa, jumba la kifalme likabomoka, na mnara wa taa ukaharibika kabisa. Ndipo saa kubwa ilipowekwa juu ya Beit al-Ajaib yenyewe. Basi pwani ile imekuwa mahali pa ushuru, mahali pa watumwa, na mahali pa mizinga, kabla haijawa bustani.

Sasa na tuache kidogo habari za wakubwa, tuingie vichochoroni, maana maisha ya mji hayakungojea bustani. Nyumba za mawe za Unguja zina benchi za mawe zilizojengwa pamoja na kuta za nje, kando ya mlango. Benchi hizo huitwa baraza. Mwenye nyumba aliijenga kwa fedha yake na juu ya ardhi yake, lakini mpita njia hakuombwa ruhusa ya kukaa. Juu ya baraza wazee walisoma barua, wachezaji walicheza bao, wauzaji walitandaza ndizi na machungwa. Na mvua zikishuka na kichochoro kikawa mto, watu walipita juu ya baraza kama juu ya daraja. Nasi twasema kwamba baraza ni akili kubwa ya ujenzi wa Kiswahili: nyumba ina siri zake ndani, lakini kwa nje humpa jirani kiti.

Na penye baraza pana kahawa. Muuza kahawa alikuja na dele lake la shaba lenye mkaa chini yake, na vikombe vidogo mkononi, akivigonganisha ili watu wasikie kwa mlio kwamba amefika. Kahawa yenyewe ni chungu, haina sukari. Ndiyo maana huliwa pamoja na kashata au kipande cha halua. Bei yake ilikuwa ndogo, hata mchukuzi wa bandarini aliweza kukaa karibu na mwenye mashamba, wakanywa kinywaji kimoja. Mahali pengine mjini desturi hiyo imedumu mpaka leo. Katika njia panda iitwayo Jaws Corner wanaume huketi jioni na vikombe vyao, wakibishana juu ya mpira na serikali.

Neno letu mkahawa, au mgahawa kama wengi wasemavyo, limezaliwa na kahawa hiyo. Maana yake ya kwanza ni nyumba ya kahawa, ndipo likaja kuwa na maana ya nyumba ya chakula. Katika mji wa Istanbul nyumba za kahawa zilifunguliwa karibu na mwaka 1555, na mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne akaamuru zifungwe. Kwa nini mfalme mwenye majeshi aogope kikombe? Hakukiogopa kikombe, aliyaogopa mazungumzo. Watu wakinywa pamoja husema, na wakisema hupima mambo ya watawala wao. Kila serikali tangu hapo imelijua jambo hilo.

Tusiusifu mji wa zamani kupita kiasi. Pamoja na baraza zake palikuwa na milango iliyofungwa. Baada ya Unguja kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, watu walitengwa kwa makabila yao katika karatasi za serikali, katika shule, na katika viti vya baraza la kutunga sheria. Pale Shangani, karibu na bahari, palikuwa na klabu ya Waingereza iliyoanzishwa mwaka 1888. Ilikuwa na mandhari nzuri ya kutazama jua likizama, lakini mwenyeji aliingia humo akiwa amechukua sinia, si akiwa mgeni. Siku hizi nyumba ile ni hoteli, nayo huitwa Africa House, na mtu ye yote mwenye bei ya kinywaji hukaa pale pale walipokaa mabwana.

Na Ng'ambo je? Huko waliishi wachukuzi, maseremala, wavuvi, wapishi, dobi na wauza mboga, katika nyumba za udongo na makuti. Wengine wa mjini waliwadharau. Lakini huko ndiko ilikotoka sauti iliyoupatia mji sifa yake. Siti binti Saad alizaliwa kijijini Fumba karibu na mwaka 1880. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na Siti alichukua vyungu akaja kuviuza mjini. Kwa kuwa aliimba alipokuwa akiuza, watu walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza kwa wapigaji, na nyimbo za taarabu, ambazo zilikuwa zikiimbwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani, yeye akaziimba kwa Kiswahili, akitaja mambo ya watu wadogo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, na sahani hizo zikasikika katika migahawa ya pwani na ya bara. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Twawaambia wanafunzi wetu: mtu wa kijijini aliingia mjini na vyungu kichwani, akauacha mji una wimbo. Asiwadanganye mtu kwamba mji ni kazi ya watu wa mjini peke yao.

Sasa turudi Forodhani. Katika miaka ya 1920 gati mpya ilijengwa upande wa Malindi, na kazi za bandari zikahamia huko. Mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib pakabaki uwanja ukingoni mwa bahari. Mwaka 1936 Sayyid Khalifa bin Harub alitimiza miaka 25 ya kutawala, maana alikalia kiti mwaka 1911. Na kwa ukumbusho wa sikukuu hiyo mahali pale pakafanywa bustani. Ikapandwa miti, ikawekwa viti, na kibanda cha wapiga bendi. Jina lake rasmi lilikuwa Bustani ya Jubilii. Watu wa mji wakasikia jina hilo, wakaitikia, kisha wakaendelea kusema Forodhani.

Hiyo ilikuwa bustani ya Sultani, na mkono wa Waingereza ulikuwamo. Lakini haikuwa na mlango wa kufungwa. Wanawake waliokaa ndani mchana kutwa walitoka jioni wakapata upepo. Watoto wa Kihindi na wa Kiarabu, wa Kingazija na wa Kiswahili, walikimbizana juu ya nyasi moja. Vijana walirukia majini kutoka ukuta wa bahari, kama warukavyo hata sasa.

Sasa tumefika mahali pazito. Katika mwaka 1957 watu wa Unguja na Pemba walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua baadhi ya wajumbe. Miaka ile wenyewe huiita Zama za Siasa. Palikuwa na chama cha Hizbu na chama cha Afro-Shirazi, na ushindani wao ukaingia mpaka ndani ya sufuria. Watu wa chama hiki wakakataa kununua katika duka la mtu wa chama kile. Wakakataa kupanda gari lake. Wenye mashamba wakawafukuza wakulima waliojenga juu ya ardhi yao, kwa sababu ya kura zao. Baraza iliyokuwa ya watu wote ikawa ya chama, na muuza kahawa akajulikana kwanza kwa upande wake, ndipo kwa kahawa yake. Hata mazikoni wengine hawakwenda.

Tafadhalini mlifikiri jambo hilo. Hapakuwa na risasi bado, wala panga halijainuliwa. Kilichovunjika kwanza kilikuwa desturi ya kukaa pamoja. Lakini baada ya muda mfupi damu ilifuata. Katika uchaguzi wa Juni 1961 yalitokea machafuko, wakafa watu 68. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi, ambayo ndani yake watu wengi sana walipoteza maisha, na wengine wakaikimbia nchi. Sababu za mambo hayo ni nyingi: zimo ardhi na utumwa wa kale, yamo mambo ya ukoloni na makabila, na kila moja yataka mazungumzo yake. Lakini twasema kwa yakini kwamba watu walioacha kunywa kahawa pamoja walipata wepesi wa kuaminiana mabaya. Mtu usiyemwona akila hukufanya uamini kwamba ana meno ya simba.

Baada ya Mapinduzi Forodhani pakawa mali ya taifa, na wananchi wote wakawa na haki sawa ya kukaa humo. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini haki pasipo matunzo ni nusu ya haki. Miaka ikapita, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikaingiwa na maji na kuanguka, ukuta wa bahari ukaliwa na mawimbi, taa zikazimika, nyasi zikakanyagwa mpaka ikabaki michanga na taka. Wauza chakula walizidi kuja jioni, maana watu walikuwapo na njaa ilikuwapo, lakini maji ya kuoshea hayakuwa ya kutosha, wala mahali pa kutupa maganda.

Mwaka 2000 shirika la UNESCO liliutia Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Kisha Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, pamoja na Serikali, ukaitengeneza bustani: ukuta wa bahari ukaimarishwa, mifereji ikachimbwa, taa na maji vikawekwa, wauza chakula wakapangiwa mahali pao, na watoto wakapata kiwanja cha michezo. Kazi ilianza mwaka 2008, na mwezi wa Julai 2009 bustani ikafunguliwa tena. Jumba la jirani halikupata bahati hiyo kwa wakati wake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilianguka, na watu wawili wakafa. Mambo haya mawili, bustani iliyotunzwa mapema na jumba lililocheleweshwa, yamesimama mkabala, na mwalimu hahitaji ubao mwingine wa kuwafundishia watoto.

Sasa twendeni jioni Forodhani tukaone kuna nini. Jua likikaribia kuzama baharini, wapishi huweka meza zao, huwasha mkaa, hutundika taa. Juu ya meza pana pweza aliyechemshwa, ngisi, kamba, na samaki katika vijiti. Pana mishikaki ya nyama, muhogo wa kuchoma, ndizi, na mikate ya namna nyingi. Pana urojo, mchuzi mzito wa rangi ya manjano wenye embe na ndimu, unaotiwa bajia na viazi. Pana chapati nyembamba ikunjwayo juu ya nyama na yai, ikakaangwa mbele ya macho ya mlaji. Wageni huiita pitsa ya Zanzibar, nayo ni ndugu ya mantabali ya pwani. Kando yake mtu huzungusha gurudumu la kukamua miwa, akatia tangawizi na ndimu, na glasi hujaa maji matamu ya kijani.

Msafiri mwenye busara atauliza bei kabla ya kula, na atamchagua samaki wa leo, si yule aliyelala. Maana kila soko lina mwaminifu na mjanja. Akiisha kupata sahani yake, na aketi juu ya ukuta wa bahari na kutazama. Ataona mtalii kutoka Ulaya, askari asiye kazini, bibi na wajukuu zake, wanafunzi wawili wenye sahani moja, na mvuvi anayekula samaki aliyemvua mwingine.

Nasi twapenda mtu wa shamba aitazame sahani ile kwa jicho lingine. Pweza yule alitolewa mwambani na wanawake wa vijiji vya mashariki na kusini mwa kisiwa, waliotembea juu ya miamba maji yalipokupwa. Muhogo ulilimwa, miwa ilikatwa, ndimu zilichumwa, mkaa ulichomwa, na yote hayo si mjini. Mji hupika, shamba hulisha. Kwa hiyo mwanakijiji akiingia katika uwanja wa mji asiingie kama mtu aombaye nafasi. Ana hisa humo tangu zamani.

Wala jambo hili si la Unguja tu. Dar es Salaam pana uwanja wa Mnazi Mmoja. Katika siku za ukoloni mahali pale paliachwa wazi ili kuzitenga nyumba za Waafrika na mitaa ya Wahindi na Wazungu. Lakini uwanja uliowekwa kwa ajili ya kutenga ukageuka kuwa wa kukusanya. Katika miaka ya 1950 maelfu ya watu walisimama pale pale kuzisikiliza hotuba za Julius Nyerere na wenzake wa TANU. Ndivyo zilivyo nafasi za wazi: aliyeziweka aweza kuwa na nia yake, lakini watu wakiisha kuzikalia huzipa nia nyingine.

Basi tumejifunza nini? Twaona mambo matatu yanayoulinda uwanja wa watu. La kwanza, uwe wazi kweli kweli. Siku bei za chakula zitakapopanda kwa ajili ya wageni hata mchukuzi asiweze kununua kikombe, uwanja utakuwa umefungwa ijapokuwa hauna mlango. La pili, utunzwe. Anayekula akaacha maganda chini anakula sehemu ya bustani. La tatu, na ndilo gumu, tukae humo na wasiokuwa wa upande wetu. Ni rahisi kunywa kahawa na ndugu. Kazi ya baraza ni kunywa na mtu ambaye kura yake, ama dini yake, ama kabila lake si kama lako.

Mambo hayo matatu hayahitaji mji mkubwa. Kila kijiji kina mwembe wenye kivuli, au uwanja mbele ya shule, au mgahawa wa chai wenye benchi mbili. Panapo mahali pa namna hiyo wazee wapalinde pasiuzwe, vijana wapafagie, na mwenye mgahawa asiulize chama kabla ya kumimina. Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Nasi twaongeza kwamba vidole vingi hukutana kwanza katika sahani moja, ndipo vikajua kufanya kazi nyingine pamoja.

Forodha ya zamani ilihesabu watu ili wauzwe. Bustani ya leo haimhesabu mtu. Humwachia nafasi ukutani, akae atazame bahari. Kutoka hesabu ile mpaka nafasi hii ni safari ya miaka mia na zaidi, na waliolipa nauli ni wengi. Yatupasa tusiirudie njia.